USIANDIKE BARUA YA KUACHA KAZI KWA SABABU UNAUMWA



Jumapili iliyopita, kikao cha tawi kilipofungwa, mama mmoja mwanachama wetu alibaki nyuma. Ni muuguzi wa zahanati ya Serikali, ana miaka 44, na mgongo haujamwacha tangu siku alipomwinua mgonjwa kumhamisha kitanda. Mkobani alikuwa na barua ya mistari minne: anaomba kuacha kazi kwa hiari kutokana na matatizo ya afya. Ndivyo alivyoelekezwa kazini kwake, aandike hivyo "mambo yaende haraka". Alitaka Katibu amnyooshee lugha tu, kesho yake aipeleke.

Katibu hakuigusa lugha. Alimwomba asiipeleke kwanza. Kwa ruhusa ya mama huyo, na bila kumtaja jina, tunawaandikia wote, kwa sababu tumegundua si yeye peke yake.

Mtaani mtu akiondoka kazini kwa ugonjwa tunasema "kaacha kazi", yameisha. Kwenye mafao, kuacha kazi na kustaafishwa kwa sababu ya ugonjwa ni mbingu na ardhi. Sheria ya PSSSF ya mwaka 2018 ina fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, lakini aliyeacha kwa hiari yake hahusiki nalo. Michango yake haipotei, ila inalala. Itamsubiri mpaka afikishe umri wa kustaafu kwa hiari, yaani miaka 55. Muuguzi wetu amechangia miaka 19. Kwa barua ile ya mistari minne angekaa miaka 11 bila mshahara na bila pensheni, mgongo ukiwa uleule na watoto wawili wako sekondari.

Aliyethibitishwa na madaktari kwamba hawezi tena kazi, akastaafishwa kwa sababu hiyo, anaomba mafao ya ulemavu sasa hivi. Hasubiri 55. Na neno "ulemavu" lisimtishe mtu. Wengi wetu tukilisikia tunawaza baiskeli ya matairi matatu. Hapa maana yake ni kwamba mwili au akili imepoteza uwezo wa kufanya kazi, iwe kwa ajali, kiharusi, figo, macho au maradhi ya akili.

*Basi barua ya kwanza iandikweje?* Iende kwa mwajiri kupitia mkuu wako wa kituo, ieleze ugonjwa na muda uliougua, na iombe ufanyiwe uchunguzi na jopo la madaktari. Neno "kuacha" lisiwemo. Jopo ndilo litakalosema kama unaweza kuendelea, kama unafaa kazi nyepesi, au kama huwezi tena. Madaktari hawatoi pensheni. Wanatoa taarifa, na taarifa hiyo ndiyo inamwezesha mwajiri kushughulikia kibali cha kustaafu na baadaye majalada kwenda PSSSF. Mpaka barua ya kustaafishwa ikufikie mkononi, wewe bado ni mtumishi na unalindwa kama mtumishi.

Unabanwa pia kama mtumishi, na hapa ndipo wenzetu wanapoangukia. Dereva mmoja wa Halmashauri, jirani yetu, alipata kiharusi, ndugu wakampeleka kijijini kwa mganga wa mitishamba. Alikaa miezi mitatu. Hatumcheki, kila familia ina njia yake ya kutafuta uzima. Lakini hakuna aliyepeleka hata karatasi moja kazini. Kwa Kanuni za Utumishi wa Umma, kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa la kufukuzwa. Alifukuzwa kwa utoro mtu ambaye hakuweza hata kushika kijiko. Kwa hiyo kila ED unayopewa hospitali ifike kwa mwajiri, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mgonjwa hawezi kutembea? Mke, mume au mtoto aipeleke. Ukienda kwa mganga, nenda na ruhusa.

Kwa aliyeumia akiwa kazini, kama muuguzi wetu, kuna mlango mwingine ambao watumishi wengi hawaujui: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huu unachangiwa na mwajiri peke yake, hukatwi senti, na watumishi wa umma wamo. Unahusu ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa kila mwezi, usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Ila muda unakimbia: taarifa itolewe ndani ya miezi 12. Mama yetu yuko mwezi wa nane, na kwenye kitabu cha matukio cha zahanati siku ile haikuandikwa kitu. Wawili waliokuwa zamu naye wamekubali kuandika walichokiona. Tunawashukuru.

Sasa na sisi tuseme ukweli wetu. Wapo wanachama waliokuja kuomba tawi liandike kimemo kwa madaktari. Hatutaandika. Jopo likianza kusikiliza vimemo vya chama, mgonjwa wa kweli asiye na chama atakosa haki yake, na wetu naye hataaminiwa. Wapo pia wanaotaka kustaafishwa ilhali wanaweza kazi wakibadilishiwa majukumu. Mwalimu aliyekatwa mguu anafundisha vizuri tu akiwa amekaa. Huyo tutamsaidia kudai kiti, darasa la chini na kazi inayomfaa, kwanza.

Chama kimepiga kelele sana kuhusu kikokotoo, na ni sawa. Lakini anayestaafu kwa ugonjwa hafiki hata kwenye kikokotoo kama aliandikishwa barua isiyo yake. Tumemwandikia diwani wetu aulize kwenye Baraza la Madiwani mambo mawili: ni watumishi wangapi wa Halmashauri hii wameomba jopo la madaktari na bado wanasubiri, na ni nani anawaelekeza wagonjwa waandike kuacha kazi. Majibu tutayaleta humu, hata yakiwa mabaya.

*Jumamosi hii saa 10 jioni* Katibu atakuwa ofisi ya tawi pamoja na wastaafu wawili waliopitia njia hii. Njoo na barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, hati ya mshahara ya karibuni, kitambulisho cha NIDA na karatasi zote za hospitali. Akina mama waliobadili jina baada ya ndoa, angalieni kama jina la NIDA na la kwenye michango yanalingana. Wengi hukwama hapo. Mgonjwa asiyeweza kuja atufahamishe, tutamfuata nyumbani.

Barua ya mama yetu bado iko kwenye droo. Ile mpya, ya kuomba jopo, imepokelewa jana na imegongwa muhuri.

Imetolewa na Katibu Mwenezi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi