Fuvu la Kopi Si Feki

Wasee, tuambiane ukweli. Ulipofunzwa mambo ya binadamu wa kale shuleni, uliona nini? Mimi niliona fotokopi ya fotokopi. Fuvu lilikuwa limegeuka doa jeusi, kama hindi choma lililosahaulika jikoni. Mwalimu akasema, "Andikeni: Homo erectus alitembea wima." Tukaandika. Mtihani ukaisha, tukasahau.

Halafu juzi nikashika fuvu la kopi, la KNM-ER 3733. La kweli lilipatikana Koobi Fora mwaka 1975 na Mkenya mwenzetu, Bernard Ngeneo, na lina zaidi ya miaka milioni 1.5. Nikapitisha kidole juu ya macho, nikakuta mfupa umetokeza kama ukingo. Nikagusa paji langu, hakuna kitu. Manze, dakika moja tu na nikaelewa kile daftari zima lilishindwa kunieleza.

Kuna msee aliniambia, "Lakini hiyo ni feki." Zii. Feki ni ile inayokudanganya. Kopi hutolewa kwa umbo la fuvu lenyewe, nyufa na vyote. Ya kweli inafungiwa kwa makumbusho Nairobi kwa sababu ikivunjika, imeenda. Hata wanasayansi hujifunza kwa kopi.

Sasa hapa ndipo naumia. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu alipata kipande cha kwanza cha Turkana Boy pale Nariokotome. Leo wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo wanashika kopi ya huyo kijana wetu. Je, mtoto wa Lodwar, ambaye hapo ni kwao kabisa, ameishika? Ama bado anachorewa ubaoni?

Na msiniambie ni doo. Tovuti ya African Fossils ina mafuvu ya 3D ya kupakua bure. Shule kumi zikichanga, zichapishe seti moja na kuizungusha, kila muhula iende shule nyingine.

Najua wengine mtaleta dini. Sawa, naheshimu. Lakini kushika fuvu hakukulazimishi kuamini chochote. Kunakupa tu swali lako mwenyewe, badala ya jibu la kukariri.

Haya mafuvu yalitoka kwa udongo wetu, yakachimbuliwa na watu wetu. Kuyajua kwa fotokopi pekee ni aibu.

Wewe je, ulishika ama ulichorewa? Niambie hapo chini.