Tukutuku Mlimani na Wapenzi wa Kutu

Wako watu ambao hawauoni uzuri wa chombo mpaka kishike kutu. Ikitajwa habari ya mbio za pikipiki za kupanda vilima, nyuso zao hung'aa mara moja. Husifu magurudumu membamba, mkanda wa ngozi mahali pa mnyororo, na kile kijiti cha usukanini ambacho mpandaji alikisogeza ili cheche ichelewe, injini isije ikagonga kilimani. Hayo huyasimulia kama habari za pepo iliyofungwa. Kisha huugeukia mji wa Moshi, wakazitazama pikipiki zipandazo kwenda Marangu, Machame na Kibosho, wakasema kuwa hiyo ni ghasia tu. Kauli hiyo haina budi kupingwa.

Huko Uingereza pana kilima kiitwacho Shelsley Walsh, ambacho tangu mwaka 1905 hupandwa kwa kushindania wakati. Urefu wa njia yake ni yadi 1,000, yaani haufiki kilomita moja. Washindani hawaendi bega kwa bega. Kila mmoja huondoka peke yake, na adui yake ni saa. Watazamaji husimama kando, na wayaonayo huandikwa, hupigwa picha, hurithiwa. Afrika ya Mashariki nayo ilipata mbio zake za magari mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alizishinda mwaka 1965. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, mwaka 1966 na 1967. Mwaka 2003 magari ya kale yakatolewa tena mabandani, yakakimbizwa kwa ukumbusho wa miaka 50. Majina ya magari na madereva yamehifadhiwa barabara. Walakini wale waliosimama vijijini, kando ya njia, wakameza vumbi, ni nani aliyewauliza waliona nini?

Sasa na itazamwe njia ya mlimani. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu ni kupanda karibu mita 1,000, na kwa kadiri hiyo hewa inavyopungua uzito, injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Pikipiki yenyewe ni ya sisi 125 au 150, imeundwa India au Uchina. Nyuma imepakia abiria wawili, ule upakiaji ambao watu wameuita mshikaki, na pengine mkungu wa ndizi juu yao. Mpandaji hana kijiti cha cheche. Ana sikio. Huisikia injini ikianza kulemewa, akashusha gia kabla mteremko haujamkamata, akawaambia abiria wainame mbele ili gurudumu la mbele lisiinuke. Wakati wa kushuka, wako wazimao injini ili kuokoa petroli, breki zikabeba mzigo wote peke yake. Ustadi huo, na wazimu huo, hauna mwandishi.

Lakini hayo si mashindano, hujibu wapenzi wa kutu. Basi ni nini? Yule wa Shelsley Walsh hushindana na saa. Huyu hushindana na hesabu, ile fedha ambayo mwenye pikipiki huingoja kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Yule akishindwa hurudi nyumbani na hadithi. Huyu akishindwa hunyang'anywa chombo. Tena yule hufungiwa barabara, huwekewa daktari tayari, na havuki mstari bila kofia ngumu. Kofia hiyo inatakiwa na sheria ya Tanzania pia, na tangu mwaka 2010 ziko kanuni za pikipiki za kukodi. Ila mara nyingi hapo kilimani kofia ni moja, na vichwa ni vitatu.

Inashangaza zaidi kwamba lugha iliwahi mapema kuliko waandishi wake. Kiswahili kilikisikia chombo hiki kikakiita tukutuku, kikakiita pikipiki, kwa kuiga mlio. Kisha kikapokea bodaboda, jina lililozaliwa kwa waendesha baiskeli wa mpakani mwa Kenya na Uganda. Majina matatu, na insha hazipo. Wasomi wanaolilia mashine za babu za watu wengine wangeweza kushuka kituoni na daftari.

Mtazamaji aliyezoea mbio hujua asisimame upande wa nje wa kona, kwa kuwa chombo kikiteleza hutupwa huko. Wanafunzi washukao mlimani asubuhi hawana la kuchagua. Mahali pengi njia yao ya miguu ni ukingo huo huo wa nje, na pikipiki yenye mshikaki inateremka nyuma yao, injini imezimwa, haisikiki.