Vilabu vya salamu visife



Haya ni maoni yangu kuhusu vilabu vya wasikilizaji wa redio.

BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Redio ya China 1961 na Sauti ya Ujerumani 1963. Lakini vilabu tuliviunda wasikilizaji wenyewe. Mtu anatuma kadi ya salamu, jina lake linasomwa, naye aliyesalimiwa anajiona ana deni la kujibu. Majina yakizoeana, wenyewe hutafutana. Klabu yetu ilianza na watu wanne. Kilichoikuza hasa ni misiba: mwenzetu akifiwa tulimchangia na kulala matanga, na majirani walioona wakaomba kujiunga.

Siku hizi tuko kwenye kundi la WhatsApp, zaidi ya watu mia mbili, maana kuingia hakugharimu hata stempu. Mwezi uliopita mwenzetu alifariki. Pole zilimiminika kutwa nzima kwenye simu; makaburini tulikuwa saba, wote wa enzi za kadi.

Sisemi simu ni mbaya, nami ninayo. Nashauri viongozi wa makundi haya warudishe daftari la wanachama, ada ndogo na siku ya kukutana.

Msikilizaji wa zamani,
Tabora.