Hofu ya Hisabati Ing'olewe Darasani

Kila mara Baraza la Mitihani la Taifa linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, macho ya wazazi, walimu na viongozi huelekea kwenye somo la Hisabati. Tangu mwaka 2018 hadi 2022, waliofaulu somo hilo nchini walikuwa takriban mtahiniwa mmoja katika kila watano. Mwaka 2023 na 2024 walifikia robo ya watahiniwa wote. Hiyo ni nafuu inayostahili pongezi. Hata hivyo, maana yake ni kwamba katika kila vijana wanne, watatu waliondoka shuleni wakiwa wameshindwa somo ambalo fundi, mkulima, muuguzi na mtunza hazina hawawezi kufanya kazi bila ya kulijua.

Zinapotafutwa sababu, hutajwa uchache wa walimu, uhaba wa vitabu na msongamano wa wanafunzi. Sababu hizo ni za kweli, na Chama na Serikali yake wanao wajibu wa kuendelea kuzipunguza. Lakini ipo sababu nyingine ambayo kuiondoa hakuhitaji fungu lolote katika bajeti, nayo ni hofu.

Hofu ya Hisabati si kisingizio cha wavivu, wala si ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2012, uliofanywa na jumuiya ya nchi zilizoendelea kiviwanda, ulionyesha kwamba karibu vijana sita kati ya kumi wenye umri wa miaka 15 katika nchi hizo walikuwa na wasiwasi kwamba somo hilo lingekuwa gumu kwao. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Marekani, Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk, walieleza jinsi hofu inavyofanya kazi. Mtu anapokokotoa hesabu, akili yake hushikilia tarakimu kwa muda huku ikizifanyia kazi. Akiwa na hofu, nafasi hiyo hiyo hujaa wasiwasi, na tarakimu humponyoka. Kumbe mwanafunzi anayetetemeka mbele ya ubao huenda anayo akili ya kutosha, ila haina nafasi ya kufanya kazi yake.

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinatoa mfano ulio wazi. Huko mtoto wa mfugaji hurudisha mifugo zizini jioni, na kwa kuitupia jicho tu hujua kwamba mbuzi wawili hawakurudi. Mtoto wa mkulima hujua debe ngapi hujaza gunia la mahindi. Hesabu wanayo kabla ya kuanza shule. Lakini wengi wao huingia Darasa la Kwanza wakiwa na lugha ya nyumbani tu: Kiiraqw, Kidatoga, Kinyaturu, au Kihadzabe katika bonde la Yaeda. Siku ile ile wanapoanza kujifunza Kiswahili ndiyo siku wanayodaiwa majibu ya hesabu kwa Kiswahili. Mtoto akinyamaza huhesabiwa kuwa ni mjinga, na yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo.

Kiswahili ndicho kilicholiunganisha Taifa hili, na hapana haja ya kuurudia mjadala huo. Lakini mwalimu anayemwacha mtoto wa Kiiraqw ahesabu kokoto kwa wak, tsar, tam, kisha akamvusha hadi moja, mbili, tatu, havunji umoja wa Taifa. Anajenga daraja la kuufikia. Daraja kama hilo linahitajika tena Kidato cha Kwanza, ambako kijana aliyezoea kipeo, kipeuo na mzingo hukuta kila kitu kimebadilishwa jina kwa Kiingereza.

Jambo zito zaidi ni fimbo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba takriban nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamewahi kupigwa na mwalimu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa baadaye, hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuingia darasani na fimbo. Zinataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, iandikwe kitabuni, na iwe kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Mtoto hawezi kuwa mhalifu kwa sababu ya kutojua kile alichokwenda shuleni kukijifunza.

Zaidi ya hayo, fimbo humficha mwalimu kosa lenyewe. Mtoto anayeandika kwamba 52 kutoa 37 ni 25 hakubahatisha. Ametoa 2 katika 7, kwa kuwa alifundishwa kwamba namba ndogo hutolewa katika namba kubwa, kisha akatoa 3 katika 5. Anayo kanuni, ila ameitumia mahali pasipofaa. Mwalimu akimwuliza amefikaje hapo, kosa hilo litasahihishwa kwa dakika tano. Akimchapa, mtoto atajifunza kunakili kwa jirani au kukaa kimya, na kosa litamfuata hadi Kidato cha Nne.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mwanafunzi anayeogopa kuuliza hana udadisi, na anayeogopa kukosea hawezi kujiamini.

Kwa hiyo wajibu u wazi. Walimu wakuu wahakikishe kwamba hakuna mtoto anayechapwa kwa jibu la hesabu. Wathibiti ubora wa shule wanapofika Katesh, Haydom au Dongobesh wakague kitabu cha adhabu kwa makini kama wanavyokagua maazimio ya kazi. Maafisa elimu wasimkabidhi Darasa la Kwanza mwalimu anayeiogopa Hisabati, kwani hofu ya mwalimu huambukiza. Ngano ya Hanang na vitunguu saumu vya Mbulu viingie katika mifano ya darasani. Nao wazazi waache kuwaambia watoto kwamba Hisabati haikuwa ya ukoo wao.

Walimu zaidi na vitabu zaidi vitafika kadiri uwezo wa Taifa unavyokua. Lakini fimbo inaweza kuwekwa chini kesho asubuhi, kengele ya kipindi cha kwanza itakapolia.