Msimamizi wa Famasi Ameridhika na Nini?

KUTOKA SEGERA
Na Zuhura Semboja

Kila msimu wa fildi, wanachuo wa famasi hushuka kwenye mabasi Korogwe na Handeni wakiwa na koti jeupe kwenye begi na barua ya chuo mkononi. Baadhi hupokelewa hospitalini. Wengine huenda kwenye famasi za mitaani, na hao ndio ninaotaka kuwasemea leo.

Muda wao ukiisha, msimamizi hujaza fomu ya chuo. Nidhamu? Nzuri. Mahudhurio? Mazuri. Kwa ujumla ameridhika. Fomu inarudi chuoni, mambo yanaisha. Mimi nauliza: ameridhika na nini hasa?

Famasi ni biashara, na mwanachuo wa fildi ni mikono ya bure. Anapanga rafu, anahesabu stoku, anabaki dukani wenyewe wakienda kula. Akiwa mchangamfu na mauzo yakapanda, nani hataridhika? Ila kijana huyo anaweza kumaliza fildi yake yote bila kumkatalia mteja hata mmoja, na kukataa ni sehemu kubwa ya kazi hii.

Tuseme amekuja mama kutoka Kwamatuku, mtoto mgongoni ana homa. Daftari la zahanati linaonyesha mtoto amepimwa na ana malaria. Anaomba dawa ya mseto. Kisha anaongeza: "Na zile za rangi mbili, nipe nne." Anayejua kazi atauliza kwanza mtoto ana kilo ngapi. Wa kilo 5 hadi 14 hupewa kidonge 1 cha mseto mara mbili kwa siku, kwa siku 3, jumla vidonge 6. Cha pili humezwa baada ya saa 8 tangu cha kwanza, na mtoto awe ametiwa kitu tumboni, hata uji wa maziwa. Halafu ndipo linapokuja gumu: "Mama, hizi za rangi mbili ni antibayotiki, daktari hajaziandika, na nne si dozi. Sitakuuzia." Kulisema hilo mbele ya foleni, huku duka la pili likiuza bila kuuliza, hakuna darasa linalomwandaa mtu. Humwandaa mfamasia aliyesimama pembeni yake.

Yupo? Mara nyingi cheti chake kimetundikwa ukutani, mwenyewe yuko Dar es Salaam. Anayetia saini kitabu cha mwanachuo ni muuzaji, ambaye simlaumu. Anafundisha alivyofundishwa, na mshahara wake unatokana na mauzo.

Dawa zikiuzwa ovyo hivyo huishiwa nguvu, na sisi si wageni wa hasara hiyo. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001, SP iliyochukua nafasi yake haikudumu, na mwaka 2006 nchi ikahamia mseto. Hapa jirani Korogwe, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walishiriki kuijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S miaka mingi kabla WHO haijaipendekeza mwaka 2021. Wazazi wa wilaya hiyo waliwatoa watoto wao kwa ajili ya utafiti ule. Wanastahili famasi yenye mtu anayejua anachouza.

Vyuo vibadilishe kitabu cha fildi. Mwanachuo aandike kila mteja aliyemkatalia au kumwelekeza zahanati, na sababu yake, msimamizi asaini palepale. Mwalimu wa chuo akija, asiishie kusaini na kuwahi basi. Asimame kaunta saa moja asikilize. Msimamizi naye apewe posho, kwa sababu mteja mmoja akielezwa vizuri watatu wanasubiri, na muda huo ni fedha yake. Baraza la Famasi lihesabu usimamizi huo katika mafunzo endelevu ya mfamasia anapohuisha leseni.

Na msimu ujao, wanachuo wapelekwe kwanza kwenye famasi ambazo mfamasia wake yupo dukani. Zikipatikana tatu tu katika wilaya hizi mbili, wagawane hizo tatu kwa zamu.