Jina Lililofutwa Lanet

Nikitaja Keya mbele ya wanafunzi wa Machakos, wengi hudhani nataja mtu. Ilhali Ukamba huu ulitoa askari wengi mno kwa jeshi hilo, King's African Rifles, ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda.

Batalioni ya 11 ilipigana Burma mwaka 1944. Uhuru ulipofika Desemba 1963, batalioni za Kenya ziligeuzwa Kenya Rifles, lakini nambari zao, 3, 5 na 11, zikaachwa. Ya 11 haikumaliza hata wiki saba. Januari 24, 1964, baadhi ya askari wake waliasi kambini Lanet, Nakuru. Serikali ikaivunja batalioni nzima.

Waasi walistahili mahakama ya kijeshi, sibishi. Wala sisahau kwamba Keya hiyo hiyo ilitumwa misituni kuwasaka Mau Mau. Lakini nambari ile ilikuwa pia ya wazee wa Burma, ambao Lanet hawakuwako. Jeshi la Anga, lililopokonywa jina lake baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, lilirudishiwa mwaka 1994. Ya 11 sijasikia aliyeiombea.

Walimu, wazee hao karibu wamekwisha. Wapelekeni wanafunzi kwa wajukuu wao, waombe kuonyeshwa nishani na vyeti vya kuagwa jeshini vilivyomo masandukuni, wanakili nambari za batalioni kabla mchwa hawajavimaliza.