Nani Atamsoma Mugo Siku ya Mashujaa?

Kila tarehe 20 Oktoba hapa Kiminini tunasikia majina yale yale redioni. Mimi nina langu moja ambalo halitasomwa: Mugo, yule wa A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka 1967.

Najua mtakachosema. Mugo ndiye aliyemuuza Kihika kwa Mzungu, Kihika akanyongwa. Kihika shujaa, Mugo msaliti, kalamu chini. Nakataa. Kihika alikuwa na moto wake tangu utotoni. Akiingia msituni hushangai. Mugo je? Yatima aliyelelewa na shangazi mlevi, mtu aliyetaka tu kuachwa alime shamba lake.

Lakini fikiria siku ile ya Uhuru, Desemba 1963. Kijiji kizima kinamwona Mugo shujaa, kwa sababu alimkinga mwanamke aliyekuwa akipigwa kwenye handaki, akatupwa kizuizini. Wanamtaka ahutubie. Na msaliti wameshampata: Karanja, aliyekuwa homugadi, mtu ambaye hakuna angemlilia. Mugo angenyamaza tu. Kunyamaza, basi! Badala yake anajitokeza mbele ya umati na kusema ni yeye.

Ati alichoka tu, dhamiri ikamvunja, huo si ushujaa. Kwani mnadhani watu husema ukweli wakiwa wamepumzika? Na ndiyo, Kihika hakufufuka. Ila Karanja alirudi nyumbani akiwa hai, na Karanja hakuwa mtu mwema. Hapo ndipo ninapomvulia Mugo kofia. Kumwokoa mtu mwema ni rahisi, hata watu watakupigia makofi.

Nchi hii imeunda tume hadi basi. Ile ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake 2013. Nitajieni mkubwa mmoja aliyepanda jukwaani, bila kusukumwa na mtu, akasema: ni mimi. Nangoja.

Nina sababu ya kubishana hivi. Mwaka wa pili chuoni nilibeti karo yangu. Mama alikuwa ameuza magunia ya mahindi, akampa mjomba pesa anitumie kwa simu. Nilipofukuzwa kwa kukosa kulipa, nilisema sikupata kitu. Mama akamgeukia mjomba. Mjomba ni mlevi, kila mtu anajua, kwa hivyo ushahidi haukuhitajika. Alitoa simu yake aonyeshe ujumbe, mikono ikitetemeka, na hakuna aliyetaka kuutazama. Mimi nilikuwa pale pale, nakunywa chai.

Miezi minne nilinyamaza. Mjomba akaacha kuja kwetu, hata Krismasi.

Nilipomwambia Mama hatimaye, tulikuwa wawili tu jikoni. Hakuna umati, hakuna mtu wa kuja kuniua usiku. Bado sauti ilikwama, nikaanza na habari za mvua. Mama hakunipiga. Aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akauliza, "Na yeye umemwambia?"

Mugo naye alianza na mtu mmoja, Mumbi, dada yake Kihika. Kesho yake akaenda mbele ya watu wote. Mimi niliishia jikoni. Nyumba ya mjomba iko upande wa pili wa barabara ya Kitale, dakika kumi kwa mguu.